Ragtime kwa zailofoni: nisindikizwe na piano, marimba, au sauti iliyorekodiwa?

Mpiga Vibao (Ontario, Kanada)

Wakuu, habari zenu. Nimepewa dakika kumi na mbili kwenye tamasha la bendi ya mtaani kwetu mwezi wa kumi na moja, na nimeamua kupiga ragtime, ule muziki wa piano wa zamani wa Marekani wenye mapigo yanayokwepa hatua, kwa zailofoni (vibao vya mbao vinavyopigwa kwa vijiti). Nitafungua na "Maple Leaf Rag" ya Scott Joplin, halafu "Log Cabin Blues" na "Rainbow Ripples" za mpiga zailofoni George Hamilton Green. Zailofoni nimeazimwa, ya oktavu (ngazi za noti nane) tatu na nusu, vibao vya rosewood ya Honduras.

Kinachonisumbua ni msindikizaji. Ragtime ya piano ina mikono miwili: wa kushoto unatembea, besi kisha kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), besi kisha kodi, na wa kulia unaangusha noti zake katikati ya hatua. Zailofoni ina ule wa kulia tu. Nikipiga peke yangu chumbani nasikia noti nyingi zinakimbia, lakini utamu haupo, maana hakuna hatua za noti hizo kuzikwepa.

Yupo mama mmoja kanisani anayepiga piano vizuri na amekubali kunisaidia. Wapo pia vijana wanne wa marimba, ndugu wa zailofoni mwenye sauti nzito, kwenye bendi, na njia ya tatu ni kurekodi piano mapema nikacheze juu yake. Nyinyi mngechagua ipi?

Kinanda cha Mwembeni

Kaka, chukua piano, na huyo mama mshike mkono asikuponyoke. Nota za Green zilipotoka zilichapishwa kwa zailofoni na piano, kwa hiyo hapo hakuna cha kubuni. Na "Maple Leaf Rag" ni ya piano tangu kuzaliwa kwake mwaka 1899.

Hiyo "Maple Leaf" iko kwenye ufunguo wa A-flati, na sehemu ya tatu inahamia D-flati. Utakaa sana kwenye safu ya nyuma, ile ya noti nyeusi za piano, kwa hiyo zoea kupiga vile vibao kwenye ncha iliyo karibu na wewe, usihangaike kufika katikati. Halafu kwenye sehemu ya kwanza kuna pale kodi inapopanda kutoka chini kabisa mwa piano hadi juu. Zailofoni yako haifiki huko chini. Mwachie mama aanze na wewe uipokee juu. Nimemsindikiza mpigaji mmoja kwa namna hiyo na wasikilizaji waligeuza shingo kufuata sauti, kama mtu anayetazama ndege akiruka.

Mama aache pedali kabisa. Zailofoni inakatika mara tu baada ya pigo, na piano ikibaki inavuma nyuma yake, ule ukavu mzuri unazama.

Bomba la Chini (Toronto)

Namheshimu mwenzangu hapo juu, ila mimi ni mtu wa marimba na nitaitetea. Muziki huu ulikuwa umekaribia kusahaulika. Green alizaliwa 1893, mwaka 1946 akaacha kupiga akawa mchoraji wa katuni, na zailofoni ya solo ikabaki jambo la wazee. Walioirudisha ni kundi la NEXUS lililoanza hapa hapa Toronto mwaka 1971. Bob Becker alisimama na zailofoni, wenzake wakamsindikiza kwa marimba. Wanafunzi wengi duniani wanaopiga "Log Cabin Blues" leo wameijua kwa njia hiyo.

Na kuna sababu ya kisauti. Kibao cha marimba kimechongwa tumbo lake ili sauti ya pili inayolia ndani yake iwe oktavu mbili juu ya ile ya msingi. Cha zailofoni kimechongwa ili sauti ya pili iwe oktavu moja na noti ya tano juu. Ndiyo maana zote ni mbao lakini moja inavuma na nyingine inachoma. Ukiziweka pamoja zinafanana bila kugombana: marimba zinaweka zulia, zailofoni inatembea juu yake na kila hatua inasikika. Piano inabaki chombo kingine kabisa, hata mpigaji awe na mkono mwepesi vipi.

Wapigaji wanne wanatosha kwenye marimba mbili, wawili wawili. Wa chini kabisa atumie vijiti vilivyofungwa uzi mwingi, laini, apige besi tu.

Sikufichi ugumu wake. Besi iko kwa mtu mmoja na kodi ziko kwa wengine, kwa hiyo ule mkono wa kushoto wa piano umegawanywa kwa watu. Akichelewa mmoja kidogo tu, mwendo mzima unachechemea. Kwa kundi letu ilichukua miezi mitatu ya Jumamosi mpaka tukaanza kupumua pamoja.

Fundi Mitambo

Mimi ni mtu wa sauti, naongeza jambo moja ambalo halijasemwa. Mpiga Vibao, kabla ya kuamua, pima noti ya A, ile ya kulinganishia vyombo, ya zailofoni yako kwa programu ya simu. Vyombo vingi vya vibao vinatengenezwa A ikiwa mitetemo 442 kwa sekunde. Piano nyingi za kanisani zimewekwa 440, au zimeshuka chini ya hapo. Zailofoni huwezi kuikaza kama gitaa, kibao kimeshachongwa.

Kwenye noti fupi fupi hutaisikia tofauti hiyo. Utaisikia pale unapotetemesha noti moja kwa mikono miwili ili idumu. Piano ikishika noti hiyo hiyo, A ya 880 ikikutana na ya 884, masikio yanapata mawimbi manne kila sekunde. "Log Cabin Blues" ina mwendo wa kutulia kuliko "Rainbow Ripples", kwa hiyo humo ndimo utakapokamatwa.

Kurekodi piano mapema kunaondoa tatizo hilo, maana kompyuta inaipandisha hadi 442 kwa dakika moja. Lakini mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ni kurekodi, sikushauri. Sauti iliyorekodiwa haikusubiri. Ukikosa kibao kimoja, yenyewe imeshafika mbele.

Kinanda cha Mwembeni

Fundi, ni kweli, ila juu kabisa fundi wa piano huzikaza noti kidogo kupita hesabu, kwa hiyo huko pengo linapungua. Shida inabaki katikati. Mpiga Vibao, pima katikati.

Dada wa Santuri

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mkusanyaji wa santuri za zamani, sipigi chombo chochote, lakini nimesikiliza nyingi za Green na naona mmerukia msindikizaji kabla ya kuzungumza kasi.

Zailofoni ilivuma kwenye santuri kwa sababu ya mashine zenyewe. Kabla ya mwaka 1925 hakukuwa na maikrofoni kwenye kurekodi. Wapigaji walikusanyika mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yao ndiyo iliyosukuma sindano. Fidla ilipotea humo, besi ilipotea. Zailofoni ilipenya kama msumari. Green alirekodi sana kwa kampuni ya Edison enzi hizo. Maikrofoni zilipokuja, vyombo vya sauti laini vikapata nafasi yao, na zailofoni ikarudi nyuma taratibu. Mengi tunayoyaita "mtindo" wake, ile kasi, yale mapambo ya noti ndogo kabla ya noti kubwa, yalikuwa yanafaa sana ile pembe.

Joplin ni habari nyingine. Kwenye nota zake kadhaa aliagiza zichapishwe maneno ya kuonya kwamba ragtime haifai kupigwa haraka kamwe. Ukiifungua "Maple Leaf Rag" kwa kasi ya Green, umemkosea mwenyewe. Mwache Joplin atembee, Green ndiye akimbie. Wasikilizaji wataisikia miaka ishirini na zaidi iliyopita kati ya vipande hivyo bila wewe kusema neno.

Mwana wa Jinja

Dada wa Santuri, umenena. Naongeza kwamba Mpiga Vibao aseme neno pale jukwaani, walau sentensi mbili. Ragtime ni kazi ya Wamarekani weusi, na "Maple Leaf Rag", iliyochapishwa Sedalia, Missouri, ilitungwa na mtu mweusi aliyekufa mwaka 1917 bila kuonja heshima aliyostahili. Miaka hiyo hiyo majukwaa ya nchi yake yalikuwa na wazungu waliojipaka masizi usoni kuwaigiza watu wake, na muziki huu ulipitishwa humo pia. Green alikuwa fundi wa ajabu, simpunguzii kitu, lakini nimefurahi kwamba umemweka Joplin mbele.

Kuhusu msindikizaji, niko upande wa marimba. Nilikua nikiona amadinda ikipigwa huku kwetu: vibao kumi na viwili juu ya magogo ya migomba, watu watatu pande mbili. Wa kwanza anaweka mapigo yake, wa pili anajaza mapengo ya mwenzake, na noti zao zikikutana masikio yanasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Si ragtime, wala sisemi ragtime ilitoka huko. Nasema kuhusu mazoezi. Wakalishe wale vijana bila zailofoni, mmoja besi, mmoja kodi, wabadilishane nafasi kila siku mpaka kila mtu ajue pengo lake linaisha wapi. Chechemeo la Bomba la Chini litaisha kabla ya miezi mitatu.

Bomba la Chini (Toronto)

Hilo la kubadilishana nafasi hatukuwahi kulifanya. Kesho nawaambia wenzangu.

Mpiga Vibao (Ontario, Kanada)

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Jana jioni nimepima. Zailofoni A yake ni 442, piano ya kanisani 439. Nilimwomba mama ashike A ya katikati, nami nikatetemesha ya kwangu oktavu moja juu. Fundi, mawimbi nimeyasikia, na mama aliinua mkono kwenye kinanda kabla sijamwambia kitu.

Tukajaribu "Maple Leaf Rag" bila kutetemesha popote, polepole kama alivyosema Dada, pedali imeachwa. Hapo sikusikia ubaya wowote. Ile kodi inayopanda tuliigawana. Mara ya kwanza nilichelewa kuipokea. Mara ya nne ilipita, na mama akasimama akacheka akasema turudie tena, si kwa sababu imekosewa.

Kwa hiyo Joplin nitampiga na piano. Green nitampiga na marimba, na vijana wameshakubali Jumatano na Jumamosi. Sauti iliyorekodiwa nimeiacha.

Bado moja: vijiti. Ninavyo vya kichwa cha mpira mgumu na vya plastiki. Kuna mtu kwenye bendi ananiambia nichukue vya shaba ili nisikike hadi nyuma.

Bomba la Chini (Toronto)

Vya shaba viwe mbali na mbao hiyo! Ni vya glokenspili, vibao vyake ni chuma. Kwenye rosewood vitaacha mashimo, na kibao chenye mashimo hakirudi. Mti huo ni ndugu wa mpingo wa kwenu, jamii moja ya Dalbergia, na unavyotafutwa mpingo ndivyo unavyotafutwa na huo. Chombo si chako, kirudishe kizima.

Mpira mgumu kwa Joplin, plastiki kwa "Rainbow Ripples". Mpini nauchagua wa henzerani kwa vipande vya kasi, unarudi wenyewe mkononi baada ya pigo. Na usipige pale kamba inapopita, sauti hufa hapo.

Kinanda cha Mwembeni

Piano ya 439, mwambieni mchungaji amwite fundi kabla ya mwezi wa kumi na moja. Ikipandishwa hadi 440 nusu ya kazi imekwisha.

Mpiga Vibao (Ontario, Kanada)

Nimemwambia leo baada ya ibada. Fundi wa piano anakuja Alhamisi, na nimemwomba kama piano inaweza kuvumilia 442. Amesema ataiangalia nyuzi zake kwanza.