Naombeni ushauri: tunataka kupiga kambi Rubondo, tupite Nkome au Kasenda?

Kijana wa Igoma
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Niende kwenye mada moja kwa moja. Mimi na washkaji zangu tuko nane hapa Mwanza, wa kiume watano wa kike watatu, tumepanga mwezi wa saba tukalale usiku mbili kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, sio hotelini, kwenye matenti kabisa. Kila wikiendi nyama choma na spika zile zile, sasa tunataka mahali ambapo ukiamka unasikia ndege sio bodaboda.

Shida ipo kwenye usafiri. Kuna jamaa mvuvi wa Nkome kasema atatupeleka na boti lake la mbao kwa hela ya kawaida tu, anatushusha upande ambao "hauna usumbufu" afu anatufuata baada ya siku mbili. Nusu ya grupu inamtaka huyo, nusu inasema tukavukie Kasenda tufuate taratibu za hifadhi hata kama ni gharama. Mi ndo nimebebeshwa mipango yote, yani likitokea lolote ni la kwangu. Pia naomba kujua chakula tubebe vipi, na je kuogelea ruksa? Tenti tunazo tatu, moja ya kuazima na zipu yake imekufa.

Bwashee Mtulivu
Nimekaa paleeee nasubiri wajuzi. Ila hiyo zipu tengenezeni, mbu wa ziwani hawana undugu.

Nahodha wa Nchi Kavu
Dogo huyo jamaa wa "hauna usumbufu" mkimbie mchana kweupe. Rubondo ni hifadhi ya taifa toka 1977, na sio kisiwa tu, hata maji yanayokizunguka ni ya hifadhi, samaki wanazaliana pale ndo maana wavuvi hawatakiwi kusogea na doria ipo. Sasa nyie mkishushwa kichakani na masufuria yenu, askari akiwakuta hamuitwi watalii, mnaitwa majangili wenye matenti. Na huyo mvuvi akikamatwa njiani nani atawafuata siku ya tatu?

Hilo la kwanza. La pili ni ziwa lenyewe, na hapa naomba unisome taratibu. Asubuhi utalikuta limelala kama mkeka, utasema hili ndo wanaloliogopa watu? Subiri ikifika mchana upepo uamke. Mwaka fulani nlitoka kisiwa kimoja saa tisa alasiri, mwenye boti alikuwa anasubiri abiria wajae tukamlalamikia weee hasikii, tulivyofika katikati mawimbi yanapanda juu ya ubavu wa boti, mama mmoja alimwaga wali wake ziwani akaanza kukomba maji na sufuria, na sisi wanaume tulikuwa tunamwangalia tu mpaka alipotufokea. Boya hata moja hamna. Mpaka leo naondoka saa kumi na mbili asubuhi au siondoki. Na nyie watu wa Mwanza wa kuambiwa habari za kupakia kupita kiasi? MV Bukoba ilizama 1996, kivuko cha MV Nyerere pale Ukara 2018, makaburi tunayajua yalipo.

Mama Wawili
Kijana wa Igoma mdogo wangu, mimi nimeshalala Rubondo na mume wangu na shemeji zangu, tulipita Kasenda. Siku hizi mteremko, pale Kigongo mnapita juu ya daraja hamna tena kushinda kwenye foleni ya kivuko, mnanyoosha Sengerema, Geita mpaka Muganza wilaya ya Chato, Kasenda ni hapo hapo pembeni. Kutoka Kasenda ziwa likiwa shwari kuvuka hakumalizi hata nusu saa. Nkome ni mbali zaidi, mtakaa majini muda mrefu bila sababu.

Muhimu mpigieni simu ofisi ya hifadhi mapema, boti inaandaliwa haikai pale inawasubiri kama daladala. Malipo ni kwa kontrol namba, msibebe furushi la hela mkidhani mtalipa getini. Na mkipiga hesabu kumbukeni kiingilio kipo peke yake, kambi peke yake, boti peke yake, kutembezwa na askari peke yake, afu kiingilio ni cha masaa 24, mkilala usiku mbili ni mara mbili. Sisi tulisahau hilo tukaanza kuchangishana upya juani.

Sasa usiku. Hakuna simba wala chui kwenye kile kisiwa kwa hiyo mtajiona wababe. Usiku wa kwanza kama saa nane nikasikia kitu kinachana majani pembeni ya tenti, krrp, krrp, afu kinapumua. Nikamgusa mume wangu, kumbe na yeye yuko macho siku nyingi ila kanyamaza. Kiboko! Anakula majani taratiiibu kama yuko kwao, na kweli ni kwao. Kitambaa cha tenti kikawa kinacheza kwa pumzi. Hatukuwasha tochi, hatukuongea, mkojo niliubana mpaka kulipokucha. Asubuhi askari akatuonyesha njia yake, tulikuwa tumefunga tenti katikati ya barabara yake ya kutoka majini. Kwa hiyo mkifika muulizeni kwanza askari ndo mfunge tenti, msichague sehemu kwa ajili ya picha.

Kijana wa Igoma
Dada yangu hapo kwenye pumzi nimeacha kusoma nikaenda kunywa maji 😂 Asante sana. Na sokwe mtu vipi mliwaona? Wasichana wa grupu ndo wanachotaka.

Mama Wawili
Tuliona viota vyao juu ya miti na tukasikia kelele, basi. Wale sio kama wa Gombe, waliletwa miaka ya 60 kutoka Ulaya walikokuwa wamefungiwa, wakaachiwa humo wakazaliana, msitu ni mkubwa na hawana shida na nyie. Msiwaahidi watu sokwe. Ila nzohe (swala wa kwenye maji), pongo, fisi maji na furukombe mtawaona mpaka mzoee, na tembo wapo.

Dokta wa Mtaa
Kuogelea SAHAU. Mamba wapo, viboko wameshatajwa, na hata pasipo na hao kuna kichocho, kinakaa kwenye maji ya pembeni yenye matete hapo hapo mnapotamani kuchezea. Maji ya kunywa bebeni, na ya kuongezea yachemsheni. Vyandarua, dawa ya mbu, paracetamol, ORS ya kuharisha. Kama kuna mwenye pumu au anayetumia dawa za kila siku abebe za wiki nzima, ziwa likichafuka mnaweza kuongeza siku bila kupenda.

Sufuria Namba 5
Chakula: mchele, unga, maharage mliyochemsha nyumbani kabisa, viazi, mayai yapangeni kwenye unga hayapasuki. Mtungi mdogo wa gesi na jiko lake maana huwezi kukata mti hifadhini. Nyama mbichi acheni. Kila kitu kwenye ndoo za mifuniko na zisilale ndani ya tenti, nyani na ngedere sehemu zote nilizokwenda wanajua kufungua zipu kuliko huyo mwenye tenti yenu. Mifuko ya rambo marufuku, takataka mnarudi nazo.

Kichwa Ngumu
Hela zote hizo mkalale chini? Nendeni kisiwa cha Saanane hapo mjini mnavuka dakika chache mnapiga picha jioni mko Igoma mnakula sato.

Nahodha wa Nchi Kavu
Kichwa Ngumu leo kaongea nusu ya maana. Kama hamjawahi kulala kwenye tenti lalani siku moja uani kwenu kwanza, mtajua nani anakoroma na tenti ipi inavuja.

Shangazi Bajeti
Mmeongea yote, la hela bado. Grupu la WhatsApp watu nane wote "mi nipo 💪", siku ya kutuma mchango mnabaki watatu, na boti bei yake ni ile ile muwe nane muwe watatu. Weka tarehe ya mwisho, asiyetuma hayupo, usimlipie mtu "atakurudishia".

Kijana wa Igoma
Mrejesho wakuu. Mvuvi nimemwambia hapana, kanuna. Ofisi ya hifadhi nimeongea nao, tunavuka kupitia Kasenda asubuhi, kila mtu na boya lake. Juzi tulifunga tenti zote tatu hapa uani, ya kuazima inavuja mpaka chini na mwenyewe hataki kusikia. Tarehe ya mchango niliyoweka imepita jana usiku. Tumebaki watano, Shangazi Bajeti sijui unaishi wapi ila njoo uchukue soda yako.