Mrejesho: joto madarasani kwenye ramani ya shule ya msingi

Wakuu, niliuliza namna ya kupunguza joto kwenye madarasa ya paa la bati kabla ramani haijapitishwa. Ahsanteni sana. Aliyenielekeza kwenye shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyosanifiwa na Francis Kéré na kukamilika 2001, alinifumbua macho: bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali yenye matundu, hewa ya moto inatoka nje kupitia hapo badala ya kuwashukia watoto. Msanifu wetu amekubali kuinua paa vivyo hivyo. Pia amegeuza jengo, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, jua la jioni lipige ukuta mfupi usio na dirisha. Kelele za mvua juu ya bati bado tunazijadili; mwalimu lazima asikike hadi dawati la nyuma.