Mtaro umepita chini ya uzio wa kituo cha afya: niuombee ruzuku ya ulinzi au ya mitaro?

Katibu_Mchovu

Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya kituo kidogo cha afya. Kazi ni ya kujitolea, na maandishi yote naangushiwa mimi eti kwa sababu nina mwandiko mzuri. Sasa zimetangazwa ruzuku mbili za umma kwa mpigo. Moja ni ya ulinzi wa vituo vya afya: uzio, taa, vitasa, kamera. Nyingine ni ya maji ya mvua na mitaro. Sisi tunazihitaji zote, na shida zenyewe zimekutana kwenye tundu moja.

Mtaro wetu unaanzia mbele ya wodi ya wazazi, unazunguka stoo ya dawa, halafu unatoka nje kwa kupita chini ya uzio. Tundu hilo zamani lilitosha kupitisha ndoo tu. Maji yamekula udongo wa pembeni msimu hadi msimu, leo mtu mzima anapita akiinama. Na kweli kapita. Tuliibiwa betri za sola, asubuhi tukakuta nyayo kwenye tope: za kuingia nyepesi, za kutoka zimezama.

Mlinzi, kwa nia njema kabisa, akaliziba kwa wavu wa waya. Mvua iliyofuata wavu ukanasa majani na chupa, maji yakarudi nyuma hadi stoo, maboksi yote ya chini yakalowa. Tulichomnyima mwizi tukayapa maji.

Niandike andiko moja au mawili? Na hilo tundu niliweke kwenye lipi? Mwisho wa kupokea maombi umekaribia.

Mpima_Mteremko

Pole sana katibu. Kabla hujashika kalamu, shika futi kamba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hesabu haina ujanja. Paa na sakafu ngumu zikifika mita za mraba 2,000, mvua ya milimita 50 inakuletea lita 100,000, na hapo sijagusa maji ya wanaokaa juu yenu. Namba hiyo ikikaa ukurasa wa kwanza, msomaji anaona mmepima. "Mafuriko makubwa" kila mtu anaandika.

Atakuja fundi atakwambia muweke mabomba madogo matatu ili mwizi asipite. Usimsikilize. Kwa mteremko uleule, bomba lenye kipenyo mara mbili hupitisha maji takriban mara sita, si mara mbili. Na bomba dogo huziba upesi.

Kinachotakiwa ni nondo za kusimama, zilale kwa mshazari, takataka zipande juu zikisukumwa na maji badala ya kuziba chini. Ziwe upande maji yanakotoka, yaani ndani ya uzio wenu, mlinzi asafishe bila kutoka nje. Eneo la nondo lizidi tundu mara kadhaa. Ziwe na bawaba na kufuli. Mbele yake chimbeni shimo la kunasia mchanga. Na kingo zijengewe mawe, la sivyo maji yatachimba pembeni mwa nondo zako na mwizi atapita hapo hapo.

Bi_Stakabadhi

Nimewahi kukaa upande wa kusoma maombi kama haya, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Andika mawili. Andiko moja la vyote humfanya kila msomaji aone nusu ya pesa yake inakwenda kwenye kazi isiyomhusu. Picha na ramani tumia zilezile, hakuna ubaya. Kinachoua watu ni gharama moja kuonekana kwenye bajeti mbili. Hata kama hukukusudia, mkaguzi wa hesabu ataiita kulipwa mara mbili.

Tundu weka kwenye andiko la mitaro, nondo, kufuli na vyote. Likienda kwenye ulinzi, atapewa fundi wa uzio, naye atawarudishia ule wavu wa waya kwa bei kubwa zaidi. Kwenye andiko la ulinzi taja tu kwamba njia hiyo ya kuingilia inashughulikiwa na mradi mwingine, kisha omba taa ya kulimulika na vitasa vya stoo.

Soma masharti kama fedha inatolewa kabla au mnarejeshewa baada ya kutumia. Ya kurejeshewa imeshazamisha kamati nyingi zisizo na akiba. Msianze kazi kabla ya kusaini mkataba, gharama hizo kwa kawaida hukataliwa. Na mkishapita uzio, mtaro ni wa nani? Tafuta barua ya mwenye eneo hilo, maana mkiharakisha maji yenu mnampelekea mtu.

Nywila_Ndefu

Ulinzi si uzio tu. Mei 2017 kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry kilifanya hospitali nyingi za Uingereza ziahirishe miadi, na Mei 2021 huduma ya afya ya Ayalandi ililazimika kuzima mifumo yake ya kompyuta baada ya kushambuliwa na wadukuzi. Uliza kama ruzuku yenu inakubali nakala rudufu za kumbukumbu za wagonjwa.

Katibu_Mchovu

Ahsanteni. @Nywila_Ndefu, kompyuta yetu ni moja, na baada ya kusoma ulichoandika nimeenda kuitazama: imekaa sakafuni, kwenye stoo ileile. Tumeipandisha juu ya meza leo, bila ruzuku ya mtu.

Yatakuwa mawili. Tumepima na mlinzi, yeye kashika ncha moja ya futi kamba: paa na sakafu ni mita za mraba 1,340. Bi_Stakabadhi, ya mitaro ni ya kurejeshewa, nimeshtuka. Itabidi kamati ikae kwanza, na sijui nani atakuwa na uso wa kuwaambia.

Mlinzi naye kauliza: ufunguo wa nondo atakaa nao nani mchana, yeye akiwa amelala kwake na mvua ikaanza? Sikuwa na jibu. Nimeliandika kwenye ajenda.