Mrejesho: Kodi ya duka Majengo kupandishwa kwa mdomo

Assalam aleikum ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza kama mwenye nyumba anaweza kunipandishia kodi ya duka kutoka 15,000 hadi 22,000 kwa mdomo tu, nasi hatuna mkataba wa maandishi. Aliyenielekeza kwenye Sheria Sura ya 301 ya Kenya, ile ya wapangaji wa maduka, Mungu amlipe: upangaji wa duka usioandikwa nao unalindwa, na notisi ya kupandisha kodi lazima iwe ya maandishi, kwa fomu yake maalumu, isiyopungua miezi miwili. Nilimwendea mzee mwenye nyumba kwa heshima, risiti za M-Pesa mkononi. Akakubali kusubiri. Mkataba wa maandishi kakataa katakata, na pesa za paa nililotengeneza sijarudishiwa. Hilo bado laniuma. Notisi ikija, nitamjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja. Shukrani sana.