Nimetoa saruji shuleni na najitolea kufundisha, TRA wananipunguzia kodi?

Mzee wa Bati, Masasi:
Habari za jioni wakuu. Nina kakampuni ka vifaa vya ujenzi, tunalipa ile asilimia 30 ya faida. Mwaka huu tumetoa saruji na bati za darasa la shule ya msingi kijijini maana watoto walikuwa wanasomea chini ya mkorosho, mvua ikianza tu daftari kwapani wanakimbilia kwao, na kuna kikundi cha yatima nacho tumekichangia hela. Halafu Jumamosi naenda kufundisha hesabu fom foo bure. Jamaa kaniambia vyote vinakatwa kwenye kodi, hata muda wangu. Kweli? Nataka nijue kabla ya kupeleka ritani, yaani hesabu za kodi za mwaka.

MhasibuKusini:
Hongera sana mkuu, wanaotoa hivyo huku kwetu ni wachache. Soma Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16. Muda wako hapana, hujatoa hela pale kwa hiyo hakuna cha kukata. Michango inakubalika ikienda kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa au mradi wa maendeleo ya jamii, na hilo darasa mimi ningeliweka kwenye mradi. Ila kuna ukomo, haizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara, yaani faida, siyo mauzo. Na haikatwi kwenye kodi yenyewe, inakatwa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa, watu wengi wanachanganya hapo. Mfano mapato yako ni milioni 50, mwisho wako ni milioni 1 hata kama umetoa milioni 4, kwa hiyo kodi inapungua laki tatu basi.

Binti Newala:
Na sisi waajiriwa? Nakatwa PAYE, ile kodi ya mshahara, na kila mwezi nachangia zahanati.

MhasibuKusini:
Dada yangu, kifungu kinasema mapato ya biashara, mshahara haumo. Hata mwenye duka anayelipa kwa makadirio ya mauzo hafaidiki, maana yeye hakatiwi matumizi yoyote. Inauma kwa kweli, wanaobeba vijiji vyetu wengi ni hao hao.

Kaka wa Mikindani:
Mzee wa Bati angalia sana hicho kikundi. Cheti cha usajili wa NGO peke yake hakitoshi, lazima wawe na uamuzi wa Kamishna Mkuu wa TRA kwamba ni taasisi ya hisani. Waombe kopi. Na shuleni chukua barua yenye mhuri inayotaja mifuko mingapi na bati ngapi, uiambatanishe na risiti za EFD (za mashine ya TRA) ulizonunulia mzigo. Ukitaka kukwepa ule ukomo wa asilimia 2 changia Mfuko wa Elimu ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, ule haumo kwenye ukomo.

Mzee wa Bati, Masasi:
Asanteni sana ndugu zangu. Barua ya shule naifuata Jumamosi hii hii nikienda kwenye kipindi. Hao wa kikundi nikiwauliza habari ya Kamishna watanielewa au niandike barua rasmi?