Dira inageuka juu ya jiwe jeusi nyuma ya shule, nimwambie nini mwanafunzi?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha jiografia kidato cha tatu, upande wa Karatu. Nyuma ya madarasa kuna kilima cha mawe meusi, lava ya zamani. Juzi niliwapeleka vijana wakajifunze kutumia dira. Juu ya jiwe moja kubwa sindano ikageuka, kaskazini yake ikatazama kusini kabisa. Kijana mmoja machachari akauliza, "Mwalimu, si ndiyo ile ya sumaku ya dunia kugeuka?" Kasoma mahali kwamba kaskazini na kusini za sumaku hiyo ziliwahi kubadilishana, na miamba ya kale imetunza kumbukumbu hiyo. Nikamjibu tutaliangalia kipindi kijacho, na mnajua mwalimu akisema hivyo maana yake nini.

Nimebeba vipande vinne hadi nyumbani. Je, kweli vinaonyesha sumaku iliyogeuka? Na je, vinaweza kupimwa? Kipindi ni Alhamisi. Natanguliza shukrani.

Kiporo cha Jana
Mkuu, rudisha mawe ya watu kabla hayajakugeuza wewe.

Dada wa Kijenge
Mwalimu, simu ilikuwa wapi? Makava ya siku hizi yana sumaku. Mume wangu aliwahi kutafuta kibla kwa simu tukiwa Mwanza, akasali rakaa zote akiangalia jikoni.

Mwalimu wa Zamu
Simu niliiacha ofisini, dada. Dira ni ile ya kawaida ya shule.

Nyundo na Patasi
Nimesoma jiolojia na nimebeba mawe miaka kadhaa, ngoja nitie neno.

Mwalimu, nadhani hapo umekutana na radi. Sumaku ambayo lava hubaki nayo ikipoa kwa kawaida ni dhaifu, sindano husogea kidogo tu. Radi ikipiga mwamba, umeme wake unaacha sumaku kali, tena mwelekeo unabadilika ndani ya hatua chache. Na radi inapenda vilima. Vuka lile jiwe ukisoma dira kila hatua. Sindano ikiwa inayumba huku na huku, ni radi. Wapimaji wa miamba huyakimbia mawe ya hivyo.

Lakini kijana wako hakukosea. Lava inatoka ardhini na joto la nyuzi 1,100 hivi. Ndani yake mna chembe za magnetaiti, madini ya chuma yanayoshika sumaku, na juu ya nyuzi 580 chembe hizo hazishiki sumaku yoyote. Zikishuka chini ya hapo zinalala kufuata uga wa sumaku wa dunia wa siku ile, na zinabaki hivyo. Chora mstari kwa mwiko juu ya uji unaochemka, unafutika papo hapo. Chora juu ya ugali unaopoa, asubuhi utaukuta kwenye kiporo (samahani mchangiaji hapo juu).

Mfano mkubwa uko jirani yako. Mwaka 1963 wanajiolojia Grommé na Hay walichapisha vipimo vya basalti, yaani lava nyeusi iliyoganda, ya tabaka la chini la bonde la Olduvai, wakakuta imeshika mwelekeo kama wa leo. Ajabu ni kwamba lava hiyo inaangukia katikati ya kipindi kirefu ambacho sumaku ilikuwa kinyume. Ndiyo maana dunia nzima wanajiolojia wanakiita kipande hicho cha muda Olduvai, toka miaka milioni 1.93 hadi milioni 1.77 iliyopita hivi. Jina sahihi la bonde ni Oldupai, mkonge pori kwa Kimaasai, ila kosa la tahajia limeshaingia vitabuni. Yule Zinjanthropus, zamadamu ambaye fuvu lake liliokotwa na Mary Leakey mwaka 1959, ni wa kipindi hicho. Angekuwa na dira ingemwelekeza kaskazini kama yako. Mababu zake wa mbali ingewaonyesha kusini.

Vipande vyako sasa. Ulivipa alama kabla ya kuving'oa?

Mwalimu wa Zamu
Alama gani tena? Nimepiga nyundo, nikatia mfukoni.

Nyundo na Patasi
Basi havina ushahidi tena. Jiwe linakumbuka mwelekeo, nawe umelinyang'anya mwelekeo. Sisi tunachora mshale kwanza, tunapima jiwe limelala vipi na kaskazini iko wapi, tena kwa kivuli cha jua, kwa kuwa dira juu ya basalti inadanganya. Huku karibu na ikweta ndiyo kabisa. Ufaransa uga wa sumaku wa dunia unazama ardhini kwa mwinamo mkali, hata ukijua juu na chini tu unapata jibu. Kwetu unalala karibu sawa na ardhi, usipojua kaskazini ya jiwe huna kitu.

Mzee wa Hoja
Nani alithibitisha kwamba ni sumaku ya dunia iliyogeuka? Labda jiwe lenyewe lina tabia hiyo.

Nyundo na Patasi
Swali zuri mzee, na wapo mawe machache ya hivyo kweli. Bernard Brunhes, Mfaransa, mwaka 1906 alieleza lava iliyopita juu ya udongo wa mfinyanzi na kuuchoma kama tofali. Alipopima, lava na udongo vyote vilitazama kinyume. Vitu viwili tofauti, joto moja, jibu moja. Matuyama wa Japani akaja mwaka 1929 akaonyesha kwamba mwelekeo unakwenda na umri wa mwamba. Mara ya mwisho kugeuka ni miaka 773,000 hivi iliyopita, na huchukua maelfu ya miaka. Hakuna aliyeamka asubuhi akakuta imegeuka.

Alhamisi chukua sindano ya kushonea, isugue kwa sumaku, ivute pini darasani. Kisha ishike kwa koleo kwenye makaa yanayopulizwa hadi ing'ae rangi ya chungwa. Ikipoa, mwambie yule kijana ajaribu tena kuvutia pini.

Mwalimu wa Zamu
Nimerudi kilimani leo alfajiri. Hatua ya kwanza kusini, ya pili mashariki, ya nne kaskazini kama kawaida. Ni radi, wakuu. Kijana kanywea kidogo, halafu kaomba arudi na kamba achore ramani ya jiwe zima.

Kiporo cha Jana
Na vile vipande vinne?

Mwalimu wa Zamu
Vinashikilia mlango wa banda la kuku.