Boti ya kukodi mto Thames: nigeuze Oxford au niendelee mpaka Lechlade?

Mtoto wa Mafia: Wakuu, shikamooni na mambo. Naishi Uingereza. Mwisho huu wa Agosti nimekodi boti wiki nzima, tumetoka Reading Jumamosi, leo tumefunga kamba Abingdon. Raha ipo: bata wanakuja mpaka dirishani kudai mkate, mwendo wa kinyonga maana mwisho ni kilomita 8 kwa saa. Loki ya Culham (kizimba chenye milango, maji yanajazwa au kupunguzwa ili boti ipande au ishuke) nimesukuma milango kwa mgongo, jasho tupu. Shida ni daraja la Osney pale Oxford, lazima ulipite kufika Lechlade, mji ulioko mbele zaidi mtoni, na nafasi ya kupita chini ni mita 2.28 tu. Nijaribu? Niko na familia. Sijalala siku mbili.

Kisiki: Boti ina kimo gani? Huwa wanabandika karibu na usukani.

Mama Nasri: Mwaka juzi Goring mume wangu alikaza kamba kwenye nguzo ndani ya loki, akaenda kupiga picha. Maji yakashuka, boti ikabaki inaning'inia ubavu. Sahani zangu za harusi zote chini. Hajanilipa mpaka leo.

Kisiki: Pole mama. Mleta mada, kimo?

Mtoto wa Mafia: Mita 2.5. Lakini kiangazi maji yamepungua, na wote tukikaa mbele inazama kidogo.

Kisiki: Inazama mbele, nyuma inapanda. Muulize mlinzi wa loki.

Mtoto wa Mafia: Siwezi, kuna mtu atasikia.

Kisiki: Mtu gani?

Mtoto wa Mafia: Mama mkwe. Katoka Tanga kuja kututembelea. Wakati wa posa nilisema nimekulia kwenye usukani wa mashua. Mafia nimezaliwa kweli, ila nimelelewa Dodoma. Lechlade nimeshamwahidi, hela nimeshalipa, sasa nigeuze nimwambie nini?

Ustadhi Mpole: Mkwe na mkwewe boti moja, choo kimoja, ukuta wa mbao! Mnajadili daraja?

Bwege Mtozeni: Ng'oa paa mkuu, mama aone nyota.

Jicho la Tai: Wakuu, hii chai. Culham milango ni ya umeme, unabonyeza kitufe. Ya kusukuma kwa mgongo unaanza kukutana nayo ukishapita Oxford. Jamaa yuko sebuleni na ramani.

Bwege Mtozeni: Nilijua. Leteni vitumbua.

Ustadhi Mpole: Uongo nao ni dhambi.

Mtoto wa Mafia: Sawa, nilibonyeza kitufe. Mgongo ulikuwa wa video, mama alikuwa anarekodi.

Jicho la Tai: Tuma picha ya kibandiko.

*Asubuhi yake*

Jicho la Tai: Kimya. Chai imepoa.

Mtoto wa Mafia: Picha haipatikani, kibandiko kiko mbele ya mama mkwe. Yeye ndiye anaendesha. Kaamka alfajiri, kasoma ile 2.5, kaniuliza, "Baba, na daraja lina ngapi?" Nikamtajia. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Kumbe marehemu baba mkwe alikuwa na mashua, na mama alikuwa anashika msukani baba akishusha nyavu. Tunageuza Oxford, anataka kurudi Wallingford akaone soko. Mimi kanipa kamba.

Mama Nasri: Kwenye loki usiifunge, mwanangu. Izungushe nguzoni, uishike mkononi, uilegeze maji yakishuka. Na sahani ziweke sakafuni.